Jina au ugali?

Poleni na mvua. Huku kwetu imepeperusha shitingi mbili, na moja jirani hajaiona mpaka leo.

Mwezi huu tunataka kuwasimulia habari za mwandishi wa teatri. Tunajua wapo watakaosema, teatri itatusaidia nini, siye ambao posho tunaihesabu kwa vikombe? Ngojeni kidogo. Hata sisi tulisema hivyo hivyo.

Mambo yalianza hivi. Mwalimu mmoja wa hapa kambini anacho kitabu cha Kiingereza, jalada limeshatoka, chenye michezo mitatu ya Athol Fugard wa Afrika ya Kusini. Jioni tatu mfululizo alitusomea mmoja wao chini ya hangari, akitafsiri mdomoni, ukurasa kwa ukurasa. Siku ya kwanza tulikuwa watu tisa. Siku ya tatu watu walikaa juu ya madumu ya maji na wengine wakasimama nje. Mchezo wenyewe unaitwa Sizwe Banzi Is Dead, yaani Sizwe Banzi amekufa.

Sizwe Banzi ni baba wa watoto wanne, kwao King William's Town, na huko kazi hakuna. Anamwacha mke wake Nowetu na watoto, anakwenda Port Elizabeth, mji wa viwanda, kutafuta riziki. Enzi hizo serikali ya Wazungu ilimlazimisha kila mtu mweusi aliyetimiza miaka 16 kutembea na kitabu cha pasi, na mihuri ya ndani ya kitabu ndiyo iliyosema unaruhusiwa kuishi wapi na kufanya kazi gani. Bila kibali huwezi kukaa mjini zaidi ya saa 72. Sizwe anakamatwa kwenye msako wa usiku, kitabu chake kinapigwa muhuri: rudi ulikotoka. Anajificha kwa Buntu, mtu wa mji. Usiku mmoja wametoka kunywa, wanakuta maiti kwenye kichochoro. Hawamjui. Wanaangalia kitabu chake: jina ni Robert Zwelinzima, na kibali chake cha kutafuta kazi mjini ni kizima kabisa.

Wazo la Sizwe ni tumpeleke kwao, tutafute anwani. Tunaomba mlikumbuke hilo. Buntu ana wazo lingine. Wanarudi na kile kitabu nyumbani, maiti wanaiacha pale pale. Buntu anabandua picha ya marehemu, anaweka ya mwenzake. Basi, anamwambia, tangu leo Sizwe Banzi amekufa, wewe ni Robert.

Sizwe anakataa. Na maswali anayouliza si ya mtu mjinga hata kidogo. Mke wangu atakuwa mke wa nani? Watoto wangu shuleni wataitwa kwa jina la nani? Buntu anamjibu kwa ukali: hilo jina unalolishikilia limekusaidia nini? Polisi walipokushika walimwona mtu, au waliona namba na muhuri? Kisha anaanza kumkaririsha namba ya kitabu cha marehemu, mara hii, mara ile, kama mtoto anayefundishwa hesabu za kuzidisha, mpaka baba mzima wa watoto wanne anaitaja bila kukosea.

Mwisho anakubali. Anavaa suti mpya, anakwenda kwa mpiga picha, anapigwa picha akicheka, kiko mkono mmoja, sigara mkono mwingine, ili Nowetu aone kwamba mambo ni mazuri. Hapo katika hangari hakuna aliyecheka. Nani kati yetu hajawahi kutuma picha ya namna hiyo nyumbani?

Mwalimu alipofunga kitabu, hangari likachemka. Mama mmoja akasimama, akasema, "Jina haishibishake batoto!" Wamama wakapiga makofi. Mzee mmoja akamjibu taratibu kwamba ugali unaliwa leo na kesho njaa inarudi, lakini siku binti yako atakapochumbiwa wataulizwa, huyu ni wa ukoo gani, nani baba yake? Utawaonyesha kadi ya posho? Kijana mmoja naye akasema wazee mnabishana bure, majina yetu yalishaharibika siku nyingi, karani aliandika alivyosikia, na tarehe ya kuzaliwa akajaza 1 Januari. Kweli hiyo. Ukisoma kadi za kambi hii utadhani mama zetu wote walijifungua siku ya Mwaka Mpya.

Mwenzetu mmoja, ambaye tunaandika naye safu hii, hakusema lolote usiku ule. Aliondoka kabla ya sala. Tulidhani ni malaria.

Sasa swali. Huyu Fugard alikuwa Mzungu. Aliyajulia wapi mambo haya?

Alizaliwa mwaka 1932 Middelburg, katika nchi kavu ya Karoo, akakulia Port Elizabeth. Baba yake alikuwa mpiga piano, mlemavu, na mama yake, ambaye alikuwa Kaburu, ndiye aliyelisha familia kwa kuendesha nyumba ya wageni na baadaye mkahawa wa chai. Mwaka 1953 aliacha chuo kikuu cha Cape Town mitihani ya mwisho ikiwa karibu, akaivuka Afrika kwa kudandia magari mpaka Sudani, akawa baharia melini. Mwaka 1956 akaoa, na mwaka 1958 akapata kazi ya ukarani Johannesburg, katika mahakama iliyohukumu kesi za pasi. Huko ndiko alikoona. Mtu analetwa, kitabu chake kinaangaliwa, anapelekwa gerezani, anaitwa mwingine. Dakika chache tu kwa kila mtu, kutwa nzima. Hakukaa miaka, alitoka. Lakini ndugu zetu mliowahi kusimama mbele ya dirisha la karani mnajua kwamba huhitaji miaka ili uelewe.

Mwaka 1961 alitoa mchezo wa The Blood Knot, wa ndugu wawili wa mama mmoja, mmoja mweusi, mwingine rangi yake nyeupe kiasi cha kupita kwa Mzungu. Aliucheza yeye mwenyewe pamoja na Zakes Mokae, mweusi na mweupe juu ya jukwaa moja, jambo lililoikera serikali. Mwaka 1967 walimnyang'anya pasipoti, wakairudisha 1971. Alikuwa na nyumba na kitanda, hatutaki kumfanya mkimbizi. Ila kwa miaka hiyo minne kutoka na kurudi kwake kulikuwa mikononi mwa ofisi.

Kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni alivyofanya kazi. Kuanzia mwaka 1963 watu wa New Brighton, mtaa wa weusi pale Port Elizabeth, walikuwa wakifanya mazoezi pamoja naye katika kikundi cha Serpent Players. Sizwe Banzi hakuuandika peke yake akiwa amekaa kwenye kiti. Aliutunga pamoja na John Kani na Winston Ntshona, wachezaji wa kikundi hicho, mmoja akisema hivi, mwingine akiongeza vile, mpaka ukasimama. Ulionyeshwa mara ya kwanza Cape Town Oktoba 1972. Na tazameni ajabu: katika vitabu vya pasi vya wale wawili hapakuwa na kazi inayoitwa uchezaji wa teatri kwa mtu mweusi, hivyo waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard. Watu wanaocheza mchezo wa karatasi za uongo, nao wanatembea na karatasi za uongo! Mwaka 1975 walipewa New York tuzo ya Tony, ambayo ni kubwa sana katika teatri ya Marekani, wote wawili kwa pamoja. Mwaka uliofuata, 1976, wakakamatwa Transkei kwa ajili ya mchezo huo huo, hadi watu wa nchi za nje walipopiga kelele wakaachiwa.

Wapo waliomlaumu Fugard wakisema, Mzungu anapataje kusimulia maumivu ya mweusi? Lawama hiyo ina uzito, hatuifuti. Sisi hapa tumeshaona wageni wakija na kamera, wakirekodi machozi ya siku moja, wakaenda. Yeye alibaki pale pale, na jina la Kani na la Ntshona yakachapwa kitabuni pamoja na lake.

Tulimwomba mwalimu atueleze na michezo mingine. Mmoja unaitwa Boesman and Lena, wa mwaka 1969. Mume na mke, kibanda chao kimebomolewa asubuhi kwa tingatinga, wanafika kwenye matope ya mto Swartkops wakiwa wamebeba kila walicho nacho mgongoni. Lena hataki mengi. Anataka tu kukumbuka safari: tulianzia wapi, tukahamia wapi, halafu wapi? Anayachanganya majina ya mahali. Mumewe anajua, hataki kumwambia, anamcheka na kumpiga. Lena amezaa watoto, mmoja tu ndiye aliyeishi miezi sita. Usiku huo anakuja mzee asiyejua lugha yao, na Lena anampa mkate wake na chai yake ili awe na mtu wa kumsikiliza, hata kama haelewi. Mzee anakufa hapo hapo. Ikabidi wafungashe tena. Ndipo Boesman, gizani, anamtajia mkewe mahali pote walipopita, pamoja baada ya pamoja. Je, huo ni upendo? Wamama wa hangarini walisema hapana, alichelewa mno. Wababa walinyamaza. Sisi tunaona wamama wana haki, ila tunakiri kwamba tulipofika nyumbani kila mmoja alijaribu kuzitaja safari zake kwa utaratibu, na si wote tulioweza.

Mchezo wa tatu, The Island, wa mwaka 1973, ulitungwa na hao hao watatu. Ni wafungwa wawili wa kisiwa cha Robben wanaojiandaa kuwachezea wenzao kisa cha Kigiriki cha zamani sana, cha Antigone, dada aliyekubali kuuawa kwa sababu alimzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme. Jambo lenyewe lina mzizi wa kweli, kwani wachezaji wa kikundi chao walifungwa kisiwani na kisa hicho kilichezwa huko. Hata Mandela alipata kucheza Antigone akiwa mfungwa, akishika nafasi ya mfalme. Mwalimu alitaka kuendelea kueleza, lakini alipotaja neno kuzika, mama mmoja aliinua kitenge akafunika uso, akafuatwa na mwingine. Tuliacha hapo. Wengi wetu tuliwaacha watu wetu njiani, kama yule Robert kwenye kichochoro, na hakuna mfalme aliyetukataza. Tulikuwa tunakimbia.

Michezo ni mingi, hatuwezi yote. Lakini tusiache "Master Harold"... and the boys, wa mwaka 1982, kwa sababu humo Fugard alijishtaki mwenyewe. Alipokuwa kijana alimtemea mate usoni Sam, mtu mweusi aliyefanya kazi katika mkahawa wa mama yake, aliyemlea na kuwa rafiki yake mkubwa. Aibu hiyo aliibeba mpaka akaiweka jukwaani watu wote waione. Tunamheshimu kwa hilo kuliko kwa tuzo.

Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986, na mwaka 1994 watu wote wa Afrika ya Kusini wakapiga kura. Fugard alifariki tarehe 8 Machi 2025, ana miaka 92. Wengi wenu mna ndugu kule, na mnakumbuka Mei 2008, wageni walivyofukuzwa mitaani na zaidi ya watu 60 wakauawa, katika mitaa ile ile ambako zamani mweusi aliulizwa pasi.

Sasa turudi kwa mwenzetu. Wiki mbili baada ya usomaji alikuja na chupa ya chai, akaketi, akatuambia. Katika kambi ya kwanza aliyofikia aliandikishwa kwa jina la shemeji yake aliyefia njiani, kwa kuwa jina la shemeji ndilo lililokuwa kwenye orodha siku ile, na watoto walikuwa na njaa siku ya nne. Alifikiri atalirekebisha baadaye. Watoto wamekua na jina hilo, mmoja amelimalizia shule. Mke wake akimwita usiku anamwita kwa jina la kweli, polepole, watoto wasisikie. Hakutuomba ushauri. Alituomba tuandike jina lake la kweli katika safu hii, mara moja tu, lichapwe.

Tulijadiliana siku mbili. Tukaogopa kwa ajili ya watoto wake. Hatukuliandika. Ila tumelijua, na tukiwa peke yetu tunamwita kwa hilo.

Wenye la kusema juu ya hoja ya yule mama na yule mzee, andikeni, hata kwa penseli, mtie kwenye sanduku letu pale maktaba. Si lazima uweke jina. Mwalimu ataanza kitabu kingine Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi jioni. Njooni na vya kukalia.