Tusihesabu Miche, Tutazame Majani

Kila mwaka mvua zinapokaribia, hapa Lubumbashi tunasikia wimbo uleule: tupande miti iotayo haraka. Miche ya mkaratusi na akasia inagawiwa, picha zinapigwa, idadi inatangazwa. Mwaka jana nami nilishika jembe pamoja na wenzangu, upande wa kaskazini-magharibi wa mji. Sipingi kupanda miti. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba mti ukishakuwa mrefu, basi ardhi imepona na hewa imetakata. Huo ni uongo, na sisi wanafunzi tumeupigia makofi.

Tukumbuke tulikotoka. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Madini yenye salfa yakichomwa hutoa dioksidi ya salfa, na ikikutana na unyevu wa hewani hugeuka tindikali. Kwa kuwa pepo zetu huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, moshi ulielekea kaskazini-magharibi kwa miongo mingi. Huko msitu wa miombo ulikufa. Penga Penga palibaki udongo mtupu uliojaa shaba, na nyasi chache zinazovumilia sumu.

Mvua safi ina pH ya 5.6 hivi. Ikishuka namba moja tu, tindikali imeongezeka mara kumi. Sasa tutazame jani, maana ndilo jiko la mti. Juu lina tabaka la nta linalolilinda; chini lina vitundu vidogo, yaani stomata, ambavyo hupitisha hewa na mvuke. Tindikali humomonyoa nta, huvuruga ufunguaji na ufungaji wa stomata, na huosha kalsiamu, potasiamu na magnesiamu. Magnesiamu ndiyo moyo wa klorofili. Ikipungua, jani hupoteza ukijani na usanisinuru hudhoofika. Ardhini nako tindikali ileile huyeyusha alumini na shaba, mizizi inaumia, na mti unashindwa kurudisha kilichooshwa majanini.

Mti uotao haraka una hatari yake ya pekee. Hukua upesi kwa sababu stomata zake huvuta hewa nyingi. Hewa hiyo ikiwa na sumu, nayo huvutwa kwa wingi. Tena hudai madini mengi ya udongo kwa muda mfupi, wakati mvua inayaosha. Mti kama huo unaweza kurefuka huku ukiangusha majani kabla ya wakati na kumaliza akiba yake kuotesha mengine. Anayepima urefu peke yake hayaoni haya.

Wapo wanaojibu kwamba mkaratusi na akasia huvumilia udongo wenye tindikali. Ni kweli, spishi nyingi za miti hiyo huvumilia. Lakini uvumilivu wa mzizi si uvumilivu wa jani. Isitoshe, miti mingi ya miombo huchipua Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Vumbi na gesi vilivyotua wakati wote wa kiangazi huoshwa na mvua za kwanza, na majani machanga, laini, ndiyo yanayozipokea. Nani kati ya wagawa miche amewahi kupima maji ya mvua hizo?

Wengine husema hatuna uwezo. Huko Sudbury, Kanada, viyeyusho vya nikeli na shaba viliacha milima mieusi isiyo na mti. Walipunguza moshi kwanza. Kuanzia mwaka 1978 wakamwaga chokaa juu ya ardhi, ndipo wakapanda, na leo miti iliyopandwa inapita milioni kumi. Mpangilio huo ndio somo: moshi, chokaa, kisha mche. Chokaa tunayo Kakontwe, karibu na Likasi. Na salfa inayopotea hewani ni mali: migodi yetu huhitaji asidi ya salfa, na malori huileta salfa kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi huku kwetu. Tunanunua kwa lori kitu ambacho bomba la moshi linaweza kutupa bure!

Haya si mambo ya maabara tu. Miti hii inapandwa ili tupate makala ya kupikia bila kumaliza miombo. Jani likishindwa, kuni hazipatikani, na shoka linarudi msituni. Mvua hiyohiyo hunyesha juu ya lengalenga la mama zetu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja: pasipandwe mche hata mmoja kwa jina la chuo bila kupima pH ya mvua na ya udongo wa mahali hapo, na bila kurudi kila mwezi kuhesabu majani yaliyoungua na yaliyoanguka. Kazi hiyo tunaiweza sisi, kwa daftari na kipimo cha bei ndogo. Matokeo yabandikwe ukutani, hata yakiwachukiza wenye mabomba ya moshi. Wenzangu, tuache kupigwa picha na miche. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa wetu uko juu, kwenye bomba la moshi.