Bunduki Zachukuliwa, Hofu Yaachwa

Mwanafunzi wa Tuwan, hapa Kitale, akitazama magharibi asubuhi huuona Mlima Elgon. Akishika barabara ya kaskazini, hufika Kapenguria na nchi ya Wapokot. Wakazi wa pande hizo mbili hawahitaji kuonyeshwa bomu la nyuklia ndipo waelewe maana ya silaha za maangamizi. Mwaka 2000 Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliandika kwamba kwa mauaji zinayoyasababisha, silaha ndogo ndogo zaweza kabisa kuitwa kwa jina hilo.

Walimu wetu wa historia hupenda kuitaja Afrika Kusini, na wana haki. Serikali ya makaburu iliunda kwa siri mabomu sita ya nyuklia. Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia bunge kwamba yote yamekwisha kuvunjwa, na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wakafunguliwa milango wathibitishe. Aprili 1996 mataifa ya Afrika yakatia sahihi Mkataba wa Pelindaba jijini Cairo, na tangu 2009 una nguvu ya sheria. Wapo wasemao kuwa makaburu hawakutaka bomu liangukie mikononi mwa serikali ya Waafrika. Neno hilo si la kupuuzwa. Hata hivyo, mwanafunzi na autazame mfuatano wa mambo. Desemba 1988 yalifikiwa mapatano ya kuyaondoa majeshi ya Kuba nchini Angola. Namibia ikapata uhuru Machi 1990. Baada ya hapo ndipo kazi ya kuyavunja mabomu ilipoanza. Hofu ilitangulia kuondoka, silaha ikafuata.

Huku kwetu tumeupindua mfuatano huo. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikasambaa Karamoja nzima hata zikavuka mpaka. Mwaka 1984 serikali yetu ililipeleka jeshi Pokot Magharibi kuzitafuta. Mifugo ilikamatwa ili wenyewe wasalimishe bunduki, na mingi ikafa. Je, mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake namna hiyo ataiamini vipi serikali imlindie waliosalia? Uganda nayo ilipowapokonya Wakaramojong silaha kuanzia 2001, waliozitoa walivamiwa na majirani waliokuwa wamezificha zao, kwa maana askari walioahidiwa kuwalinda walihamishiwa vita vya kaskazini. Wakatafuta bunduki nyingine.

Mlima Elgon una kisa chake, na chanzo chake ni ardhi. Ugawaji wa mashamba ya Chebyuk uliwaacha wengine mikono mitupu, na kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force likachukua silaha mwaka 2006. Liliua, likakata watu masikio, likatoza raia kodi. Maelfu walikimbilia Bungoma na Trans-Nzoia. Machi 2008 jeshi lilipanda mlimani kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Ni kweli kundi lilivunjwa, na Mei mwaka huo kiongozi wake, Wycliffe Matakwei, aliuawa. Lakini shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wanaume walivyokusanywa kwa wingi na kuteswa katika kambi ya Kapkota, na jinsi wengine walivyotoweka. Operesheni yenye jina la kuokoa maisha iliacha wajane wasiojua waume zao walizikwa wapi.

Februari 2023 serikali ilitoa siku tatu kwa wenye bunduki haramu katika kaunti sita za Bonde la Ufa, Pokot Magharibi ikiwamo, wazisalimishe. Siku tatu! Afrika Kusini, yenye mabomu sita tu na serikali moja ya kuyasimamia, ilihitaji takriban mwaka mzima kuyavunja.

Hatusemi bunduki ziachwe. Twasema Kenya na Uganda zizikusanye kwa wakati mmoja, kila iliyotolewa iandikwe mbele ya wazee na kuteketezwa hadharani, na polisi wakae kijijini kabla mwananchi hajanyoosha mkono kutoa yake. Na pale ambapo ugomvi ni wa shamba, kama Chebyuk, afisa wa ardhi na amtangulie askari.