Tuliyoyaona Katika Shule za Nchi ya Theluji



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, tangu tuliporejea safari wengi mmetuuliza: "Maalim, theluji ina ladha gani?" Haina ladha. Ni maji tu, na ukiitia kinywani inauma meno. Hilo tulimalize mapema, kwani lililotufanya tushike kalamu si theluji.

Mwezi wa Disemba mwaka 2023 tulijaaliwa kufika Rovaniemi, mji wa Lapland, kaskazini mwa Finland. Jamaa yetu anayeishi huko, ambaye watoto wake wanasoma shule za serikali, alituombea ruhusa tukaingia shule mbili. Jua lilikuwa likichomoza baada ya saa nne na nusu asubuhi, na haijatimia saa nane mchana limekwisha kuzama. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana mkono kwa mkono. Ukizubaa kwenye chai umepitwa. Watoto wanaondoka nyumbani gizani, na wengi wanarudi gizani.

La kwanza kutupendeza lilikuwa mlangoni. Watoto wanavua mabuti yao yenye theluji, wanayapanga, kisha wanaingia darasani na soksi. Tukacheka peke yetu: kumbe na Wazungu nao wana chuo!

Kila baada ya kipindi cha dakika 45 hivi watoto wanatolewa nje kama robo saa wacheze, baridi ikiwa nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri. Sisi tulisimama dirishani na makoti yetu mawili, tukiwatazama wakiteleza juu ya kilima cha theluji. Mchana wote wanakula shuleni bila malipo. Utaratibu huo upo nchi nzima tangu mwaka 1948, nchi ikiwa bado inajinyanyua kutoka kwenye vita. Mji huo wenyewe ulichomwa moto na jeshi la Wajerumani lilipokuwa linarudi nyuma mwaka 1944, karibu wote ukateketea. Watoto wa Kiislamu wanapewa chakula kisicho na nguruwe, na hawaonekani kuwa ni usumbufu kwa mtu.

Tukaelezwa pia kwamba serikali ilipoamua watoto wote, wa tajiri na wa maskini, wasome shule ya aina moja kwa miaka tisa, ilianza na Lapland mwaka 1972, na eneo la mji mkuu likamalizia mwaka 1977. Kwetu kitu kizuri huanzia mjini, na kikifika shamba kimekwisha kuchakaa.

Lakini turudi kwenye lililo moyoni. Sheria ya huko inasema wazazi wa wanafunzi watatu katika wilaya wakiomba watoto wao wasomeshwe dini yao, basi wasomeshwe, shuleni humo humo, kwa mwalimu anayelipwa na umma. Tukakaa katika kipindi cha dini ya Kiislamu. Mtoto mmoja, umri wake kama miaka tisa, aliambiwa asome Suratul Fiil. Akafika katikati akakwama. Darasa likanyamaza. Mwalimu naye akanyamaza, akamtazama kwa uso mkunjufu. Mtoto akarudi mwanzo, akakwama pale pale. Mwalimu akampa neno moja, mtoto akaendelea mpaka mwisho.

Ndugu zetu, wakati wa ukimya ule mkono wetu wa kulia ulikuwa unapapasa kando ya kiti. Ulikuwa unatafuta bakora. Tuliona haya, ingawa hakuna aliyetuona.

Huko kumchapa mtoto shuleni kulikatazwa tangu mwaka 1914, na nyumbani sheria ya kukataza ilipita mwaka 1983. Hapa Tanzania, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Sisi wa madrasa hatuna kitabu wala hesabu. Tuna mzazi anayemleta mwanawe siku ya kwanza na kusema: "Maalim, nyama yako, mifupa yangu." Nasi tumeyapokea maneno hayo miaka mingi kama hati ya ruhusa.

Tunajua tutakayojibiwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na tutakumbushwa Hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa kuiacha wakiwa na miaka kumi. Hadithi hiyo tunaikubali na tunaisomesha. Lakini tuihesabu vizuri. Baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kila siku sala tano: ni amri zaidi ya elfu tano kwa ulimi kabla ya pigo moja, na pigo lenyewe wanavyuoni wamelizungushia masharti: lisiumize, lisiwe usoni, wala asilipige mtu aliyeghadhibika. Sisi tulimpiga mtoto wa miaka minane kwa kusahau aya moja, hali tumeghadhibika. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi na hakuambiwa hata "ah!" Je, huyo hakulelewa?

Wala si mambo ya Wazungu haya. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliweka fasili maalumu juu ya madhara ya ukali kwa wanafunzi, akaeleza jinsi unavyowafundisha uvivu, uongo na hila. Miaka zaidi ya mia sita kitabu kipo, nasi tumekwenda kukumbushwa kwenye barafu.

Tusije tukadhaniwa tumelewa Uzungu. Tukiwa huko huko yalitangazwa matokeo ya mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022, na walimu walikuwa na nyuso nzito, kwani nchi iliyokuwa ya kwanza kwa kusoma mwaka 2000 ilikuwa imeshuka sana. Na katika karne iliyopita watoto wa Wasami, wenyeji wa kaskazini hiyo, walikuwa wakikatazwa kusema lugha ya mama zao katika mabweni ya shule. Bakora ilikwisha ondoka, na mtoto akaumizwa kwa njia nyingine.

Tunayo sababu yetu ya kuandika. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na mwanafunzi ambaye Suratul Mutaffifin ilikataa kumkaa kichwani. Tulimchapa jioni tatu mfululizo. Jioni ya nne hakuja, tukasema hana nia. Baadaye tukasikia kwamba amepimwa hospitali, na sikio moja halisikii. Sisi tulikuwa tumemkalisha nyuma, dirishani, upande wa barabara ya bodaboda.

Tuliporudi safari tulikwenda kwao. Mama yake alitutilia kahawa. Kijana alitoka ndani, mrefu sasa, akatupa mkono na kuubusu kama tulivyomfundisha. Tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Akasema, "Yameshapita, maalim," kisha akabaki ameegemea mlango akingoja tuondoke. Hajarudi madrasani.

Bakora tumeiondoa tangu Shawwal iliyofuata. Baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba watoto wanapiga kelele zaidi, na ni kweli, wanapiga. Mwenye neno juu ya uamuzi huu aje Ijumaa baada ya sala ya Alasiri tuzungumze. Na anayemleta mtoto mpya, kabla ya habari ya nyama na mifupa, atuambie kwanza mtoto anasikiaje na anaonaje, tujue pa kumkalisha.

Wabillahi tawfiq.