Poza Hewa Kwanza, Presha Baadaye

Mwenye Subaru Impreza au Forester ya tabo akitaka nguvu zaidi, mara nyingi ombi lake la kwanza kwa fundi ni kupandishiwa presha. Naona ameanzia mwisho. Ukijaza upepo tairi la baiskeli, pampu hupata moto. Tabo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini, nayo haiwezi kuishindilia bila kuipasha. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi ikishindiliwa hadi mara mbili ya presha yake hutoka kwenye tabo ikiwa imepita nyuzi 100, na hewa ya moto ni nyepesi. Ipoze kutoka nyuzi 120 hadi 50 kwa presha ileile, na silinda itapata hewa zaidi kwa asilimia 20 hivi. Isipopozwa, petroli hulipuka kabla ya wakati wake na injini hugonga. Kompyuta ya gari huchelewesha cheche ya plagi ili kuiokoa injini, kwa hiyo umelipia nguvu usiyoipata. Ikishindwa kuiokoa, pistoni hupasuka.

Watasema kiwanda kimeshaweka intakula, ile rejeta ya hewa. Ndiyo, na inatosha kwa presha ya kiwanda. Lakini kwenye Subaru hizi imelazwa juu ya injini, ikitegemea upepo wa tundu la boneti. Kwenye foleni upepo huo haupo, na joto la injini huipasha intakula yenyewe. Waundaji walilijua hilo: baadhi ya matoleo ya WRX STI yana kitufe cha kuinyunyizia maji. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi na tabo hulazimika kuishindilia zaidi kufikia presha ileile. Halafu mtu anang'oa boksi la chujio na kuweka chujio la wazi, linalovuta hewa ya moto ya humohumo ndani ya boneti, kisa linavuma vizuri!

Dawa ni kuhamishia intakula kubwa mbele ya gari. Hoja yenye uzito dhidi yake ni kwamba ina mabomba marefu, hivyo gari hukawia kuitika ukikanyaga mafuta. Kweli. Gari lisiloongezwa presha nisingelihamishia intakula. Ningesafisha mapezi ya iliyopo na kubadili mpira uliochanika unaoielekezea upepo. Anayeongeza presha hana hiari ya kubaki na hiyo ya kiwanda. Na asiridhike na tarakimu za kompyuta, kwani kipimajoto cha hewa kwenye nyingi ya Subaru hizi kimekaa kabla ya tabo. Mwambie fundi afunge kingine baada ya intakula, mwende barabarani, akuonyeshe nyuzi kabla hujamlipa.