Programu za halmashauri na barua ya uhamisho

MANISPAA ya Ilemela, iliyotengwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012 na kuweka makao yake Buswelu, hutumia mifumo mikubwa ya kompyuta kama halmashauri nyingine zote nchini. GePG hupokea malipo ya Serikali tangu 2017, na DHIS2 hukusanya takwimu za afya. Katika hiyo halmashauri haina la kuchagua. DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, na aliye Buswelu huipokea ilivyo.

Uchaguzi hubaki kwenye programu ndogo za ndani ambazo halmashauri yoyote huzihitaji: ya kulinganisha stakabadhi na taarifa ya benki, ya kukumbusha leseni zinazokwisha muda, au ya kunakili kumbukumbu kila usiku. Kwa kawaida hizi ni kazi ya ofisa TEHAMA mmoja, kwa lugha aipendayo mwenyewe. Lakini ofisa huyo ni mtumishi wa umma, na barua ya uhamisho yaweza kumfikia wakati wowote.

Kwa hiyo ubishi wa lugha ipi ina kasi zaidi hauna uzito hapa. Programu inayosoma mistari elfu chache usiku itamaliza kabla ya alfajiri kwa lugha yoyote.

PHP inafahamika kwa wengi. Hata hivyo, toleo lake la 7 la Desemba 2015 liliondoa amri za zamani za kuwasiliana na hifadhidata ya MySQL, na programu zilizozitegemea zikagoma pale seva zilipoboreshwa. Python, ambayo husomeka kwa urahisi zaidi, nayo ilisitisha matunzo ya toleo la 2 Januari 1, 2020. Programu iliyokosa mtu wa kuirekebisha iliachwa njiani.

Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, huzalisha faili moja linalojitosheleza. Hubebwa kwa flashi hadi kwenye zahanati isiyo na intaneti ya uhakika, na likafanya kazi. Hiyo si faida ndogo. Lakini ikiwa msimbo wake ulibaki kwenye kompyuta binafsi ya aliyehamishwa, faili hilo ni sanduku lisilo na ufunguo.

Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango. Kwa programu hizi ndogo, sharti la kwanza lingekuwa msimbo kutunzwa kwenye seva ya halmashauri, na la pili kuwapo maofisa wawili wanaoweza kuusoma. Wakiwapo wawili wanaojua PHP na mmoja anayeihusudu Go, basi iandikwe kwa PHP, hata kama huyo mmoja atanuna.