Jiografia inaingia ukimsaka mwizi

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, mtoto wa darasa la sita anaweza kukukariria kaunti zote 47. Sasa muulize mji wa Keroka uko kaunti gani. Atakwama, na simlaumu. Mji uko mpakani, Kisii wanauvuta huku, Nyamira kule. Swali tamu hivyo, na darasani hatulisikii.

Mwaka 1985 kampuni ya Broderbund ya Marekani ilitoa gemu inaitwa Where in the World Is Carmen Sandiego? Mwizi anaruka nchi hadi nchi, wewe mpelelezi unamfuata. Shahidi anakwambia tu alibadilisha pesa gani, au bendera yake ilikuwa na rangi gani. Hujui? Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu cha almanaka, fungua utafute. Ukikosea nchi, saa zimeenda. Watoto walisoma bila kusukumwa kwa sababu kuna mtu anatoroka!

Hebu fikiria yetu, ya simu. Shahidi anasema, "Viatu vyake vilijaa vumbi la mawe ya sabuni." Twende Tabaka. "Alipita mashamba ya chai akielekea milima ya Manga." Haya, Nyamira. Ukimkamata Keroka sokoni, ripoti unapeleka kaunti gani?

Mimi chuo niliacha, kusoma sijaacha. Vijana wa kodi, mnangoja nani? Na walimu, hii hata na chaki inawezekana. Jaribuni Jumatatu.