Mkiniambia Nipumzike, Mnanimaliza

Wasee, hebu tusikizane leo. Kuna neno moja la upole ambalo limewaharibia watu wenye shida ya kupumua kuliko matusi: "pumzika". Mamangu analisema. Jirani analisema. Mwalimu wa jimu akisikia tu una shida ya kifua, anakurudishia pesa yako na kukuambia enda nyumbani upumzike. Mimi nasema hapana. Kupumzika ni dawa ya siku chache. Ukikufanya kuwa maisha yako, kunageuka ugonjwa wa pili.

Wacha nieleze kwanza. Dayaframu yangu imepooza upande wa kulia. Dayaframu ni ule msuli mpana uliokaa kama mwavuli chini ya mapafu, kati ya kifua na tumbo. Ukivuta pumzi unashuka, mapafu yanapata nafasi ya kujaa. Ukiwa umetulia, huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Kila upande unapokea amri kupitia neva yake, inayotoka shingoni na kuteremka kifuani. Neva hiyo inaweza kuumia kwa ajali, kwa upasuaji wa moyo au wa shingo, kwa uvimbe unaoibana, na wakati mwingine madaktari wanatafuta sababu na kuikosa. Yangu ilivutika siku niliyoanguka na boda, nikatua kwa bega na shingo. Neva ikinyamaza, upande ule wa mwavuli unapanda juu na kukaa hukohuko, na pafu linabanwa.

Shida ni kwamba hakuna kitu unaona. Sina gongo, sina bendeji. Unaona kijana wa miaka 22 amesimama katikati ya ngazi, unasema huyu ni mvivu. Huoni kwamba nikiinama kufunga viatu, tumbo linasukuma juu na hewa inapungua. Huoni kwamba nikilala chali ni kama nimewekewa gunia la mahindi kifuani, ndio maana nalala nimeegemea mito mitatu.

Sasa mtu mwema anakuja: "Pole, kaa tu chini." Kwani nikikaa, neva itanihurumia ipone? Hesabu ni rahisi. Mguu usiotumika unalegea. Msuli uliolegea unachoka mapema, na ukichoka unadai pumzi zaidi kwa kazi ile ile. Na mimi pumzi ya ziada ya kulipa hilo deni sina. Kwa hivyo unakaa, unadhoofika, unahema ukienda choo tu, unaogopa, unakaa zaidi. Dayaframu ilipooza upande mmoja. Huko kukaa kunataka kupoozesha mwili mzima.

Na nyinyi wa "hakuna visingizio", msicheke, nawafikia. Nyinyi ndio mnapiga video mkipigia watu kelele wamalize seti hata wakitapika. Neva haisikii motisha. Neva iliyoumia ikimea tena, inamea polepole sana, kama milimita moja kwa siku, na kutoka shingoni hadi dayaframu ni mbali. Hiyo ni miezi mingi, na zingine hazirudi kabisa. Ukinipigia kelele nikimbie, unanionyesha tu kwamba hujui kitu unafundisha.

Kati ya kukaa na kukimbizwa kuna njia, na ndiyo naishi nayo. Natembea kila siku. Kipimo changu ni mdomo: nikiweza kusema sentensi nzima, naendelea, nikianza kukata maneno, napunguza mwendo. Nasimama kabla pumzi haijaisha, sio baada. Vyuma nabeba nikiwa nimekaa wima, sio nikiwa chali, na natoa hewa wakati wa kuinua. Sifanyi zoezi nikiwa nimeshiba, kwa sababu tumbo lililojaa linaiba nafasi. Bwawa la kuogelea nimeliacha: maji yakifika kifuani yanasukuma tumbo na mbavu, na mtu kama mimi anaweza kuishiwa pumzi akiwa amesimama tu. Na hii sikuokota mtandaoni. Nilipimwa pumzi nikiwa nimekaa, nikapimwa tena nikiwa nimelala, halafu mtaalamu wa fiziotherapia akanipangia. Kama pande zako zote mbili zimepooza, hiyo ni kesi nyingine kabisa, wengine wanahitaji mashine ya kuwasaidia kupumua usiku. Anza kwa daktari, sio kwangu.

Lakini hasira yangu kubwa haiko kwa jimu. Watu hupenda kuniita yule jamaa aliyeacha chuo. Sawa, niliacha, mwaka wa pili. Madarasa yangu yalikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa imekufa tangu nijiunge. Niliomba kitu kimoja: darasa letu lihamishiwe chini. Jibu lilikuwa lile neno la upole. Niahirishe masomo, niende nyumbani, nipumzike, nirudi nikipona. Nikipona! Waliniomba niisubiri neva ambayo huenda hairudi, ilhali kulikuwa na vyumba vitupu ghorofa ya chini.

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali popote kwa njia inayofaa. Haijasema ulemavu lazima uonekane kwa macho. Haijasema pia kwamba haki hiyo inaweza kulipwa kwa likizo. Na hapo ndipo "pumzika" inakuwa mbaya zaidi: ni rahisi. Kumwambia mtu akae nyumbani hakugharimu shilingi. Kutengeneza lifti kunagharimu. Kuweka benchi njiani kunagharimu. Kumpa mgonjwa miezi ya mazoezi ya mapafu, badala ya kumruhusu tu aende na karatasi ya picha ya eksirei, kunagharimu. Huruma ndiyo bei nafuu kuliko zote, ndio maana tunapewa nyingi hivi.

Kwa hivyo ukiwa na mtu wa aina yangu nyumbani, kazini ama darasani, wachana na kumtafutia kiti. Muulize anaweza mwendo gani, kisha tembea naye mwendo huo. Na kama wewe ndiye una ufunguo wa chumba cha chini, fungua.